Naomba ushauri: tumbo linanigomea baada ya kilomita ya 30

Ndugu wakimbiaji, salamu kwenu nyote. Mimi ni mkimbiaji wa ridhaa na ninajiandaa kwa marathoni nyingine ya kilomita 42.195. Shida yangu haiko miguuni wala kwenye pumzi, bali tumboni: nikikaribia kilomita ya 30, jeli ya wakimbiaji (sukari nzito ya kuongeza nguvu) ninayomeza hukwama kifuani, kichefuchefu huanza, na nikiacha kula kabisa, nguvu hukatika ghafla hadi ninamalizia kwa kutembea.

Mazoezini jeli hiyohiyo hupita bila tatizo hata nikikimbia kwa muda wa saa tatu, ila huko ninakwenda kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea. Nadhani kasi ya mashindano, ambayo hupeleka damu nyingi kwenye misuli na kuliachia tumbo kidogo, ndiyo inayoleta tofauti. Kumeza nusu nusu kwa maji matupu, badala ya kinywaji chenye sukari, kumesaidia kiasi. Kupunguza hadi chini ya gramu 30 za wanga kwa saa kuliacha tumbo shwari, lakini niliishiwa nguvu mapema zaidi.

Kwa waliopitia hali hii: je, nilizoeze tumbo kwa gramu 60 kwa saa katika mazoezi ya kasi ya mashindano, na nianze wiki ngapi kabla ya siku yenyewe? Pili, kuna aliyepata nafuu kwa kuacha jeli ya glukosi tupu na kutumia yenye glukosi na fruktosi (aina mbili za sukari) pamoja?

Sina vidonda vya tumbo, wala sinywi dawa za maumivu kabla ya kukimbia. Natanguliza shukrani.