Maji ya kisima na tumbo la Mama Neema

Mama Neema: Jamani mmeamkaje. Mie tumbo limeamka na mimi tena, hapa juu ya kitovu linachoma kama nimemeza pilipili, kichefuchefu juu. Dawa za vidonda vya tumbo nimemaliza dozi mbili sioni kitu

Happy Dar: Shikamoo shangazi, pole jamani. Mbona zile wiki 3 ulizokaa kwangu Mbezi ulikuwa unakula mpaka ukoko na hukulalamika hata siku moja??

Mama Neema: Marahaba. Ndo hapo sielewi. Na huku najitahidi, nikiamka tu kabla sijatia kitu mdomoni nakunywa glasi 4 za maji kama kwenye ile video mliyotuma

Joshua: Shkamoo shangazi. Maji ya kisima cha hapo nyuma?

Mama Neema: Ndio lkn nachemsha mpk yanatokota, unanijua

Joshua: Kuchemsha kunaua vijidudu tu, floraidi, yale madini yaliyomo kwenye maji ya huku, haiendi popote, maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki sufuriani imekolea zaidi. Na ukiinywa tumbo tupu inaingia karibu yote mwilini, ikikutana na asidi ya tumboni inageuka kitu kikali kinapenya ule ute unaokinga tumbo ndo maana wengine wanapata kichefuchefu na maumivu. Hata vile vinyweleo vya utumbo mdogo vya kunyonya chakula, India wamepima watu wanaokunywa maji ya hivi wakakuta vimelika

Anko Eli: We Joshua usitishe watu. Tumezaliwa huku Maji ya Chai, tumeyanywa hayo hayo. Floraidi ni ya meno

Joshua: Anko na hayo meno yako ya kahawia je 😂 meno yanaonekana, tumbo nani analiona. Mwisho wa floraidi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, visima vingi vya huku chini ya mlima Meru vimepita hapo

Bibi: 🎤 0:52

Happy Dar: Kwa ambao hamjasikiliza, bibi anasema enzi zao walikinga ya mvua, na mpunguze magadi kwenye makande

Joshua: Bibi kapatia, magadi yana floraidi nyingi

Mama Neema: Sasa makande bila magadi yataiva lini, Pasaka?

Bibi: Loweka usiku

Joshua: Ila shangazi sisemi ni maji peke yake, wale bakteria wa vidonda wako wengi huku. Walikupima choo?

Mama Neema: Hata. Daktari aliniuliza panauma wapi akaandika dawa, hata kuniangalia usoni hakuniangalia

Joshua: Basi kapimwe. Na ukiona choo cheusi kama lami au umetapika damu usisubiri kesho. Zile glasi 4 acha kwanza, kula kidogo ndo unywe, na maziwa yanasaidia, kalsiamu inaishika floraidi isiingie yote

Anko Eli: Na kile kituo cha hapo Ngurdoto si wanachuja floraidi

Joshua: Ndio, kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe

Anko Eli: Mifupa?? Hayo si yatakuwa supu 😂😂

Mama Neema: Eli cheka tu. Lile tanki lako la lita 1000 liko na nini?

Anko Eli: Kuku wanatagia humo dada

Mama Neema: Watoe. Mawingu yameshakaa huku mlimani