Hivi Monaco wana lugha yao wenyewe?

MdadisiWaLugha
Habari zenu wakuu. Leclerc, dereva wa Formula 1 wa Monaco, aliposhinda mbio za magari za kwao, Grand Prix ya Monaco, mwaka 2024 ulipigwa wimbo wa taifa lao. Nikatafuta maneno yake, nikakuta si Kifaransa, na Kitaliano nacho si chenyewe. Ni lugha gani ile? Na kuna mtu anaizungumza, au ni ya wimboni tu? Nchi nzima ni kilomita za mraba mbili hivi!

KokiWaMelini
Ndugu, mimi napika kwenye boti za matajiri pale bandari ya Monaco, Port Hercule, ila nalala Beausoleil. Ukivuka barabara tu uko Ufaransa, na kodi ya nyumba ya Monaco si ya mpishi. Basi nakujibu kwa ninayoyaona.

Hicho ni Kimonaco, ndugu wa karibu wa lugha ya Genova, mji wa Italia. Wagenova ndio waliojenga ngome juu ya mwamba ulio kando ya bandari mwaka 1215. Mwaka 1297 François Grimaldi akabisha hodi amevaa joho la mtawa, upanga umo ndani, akaiteka. Nembo ya taifa mpaka leo ina watawa wawili wenye panga mkononi. Sijaona kwingine wanaojisifia ujanja wa namna hiyo waziwazi. Ukoo ulitimuliwa, ukarudi, na mtemi wa sasa Albert II bado ni Grimaldi.

Kukisikia sasa, hapo ndipo kazi. Soko la Condamine asubuhi, mtu ananunua barbagiuan (zile za kukaanga, ndani mboga za majani na jibini laini), maongezi yote Kifaransa. Kwenye boti ni Kiingereza na Kitaliano. Katiba ya 1962 nayo imetaja Kifaransa kuwa lugha rasmi. Kimonaco utakiona zaidi kwa macho: panda mji wa kale juu ya mwamba, vibao vya mitaa vina majina mawili, la Kifaransa na la kwao.

Chaki_na_Ubao
Niongezee. Lugha hii ilikuwa ya mdomoni tu mpaka mhandisi mmoja, Louis Notari, alipochapisha mwaka 1927 utenzi wa Mtakatifu Devota, msimamizi wa Monaco. Maneno ya wimbo wa taifa ni yake pia, ya 1931. Louis Frolla akaandika sarufi mwaka 1960 na kamusi mwaka 1963. Tangu 1976 inafundishwa shuleni. Kwa hiyo wapo watoto wanaoisoma darasani ilhali nyumbani haizungumzwi.

MdadisiWaLugha
Shukrani. Lakini kwa nini wajisumbue? Pesa wanazo, Kifaransa wanacho.

KokiWaMelini
Kwa sababu kwao wenyewe ni wachache, kaka. Wakazi wanakaribia 40,000, raia hawafiki hata theluthi. Na walishawahi kubaki na kipande tu: miji yao ya Menton na Roquebrune iliasi mwaka 1848 kwa hasira ya ushuru wa malimau na mafuta ya zeituni, na mwaka 1861 mtemi akaiuzia Ufaransa miji hiyo kwa faranga milioni 4 hivi. Karibu nchi yote ikaenda. Kasino ya 1863 ilitokana na njaa hiyo, na ikalipa kiasi kwamba mwaka 1869 kodi ya mapato ikafutwa. Halafu raia wenyewe hawaruhusiwi kucheza kamari mle ndani! Ukiwa umezungukwa na Ufaransa pande zote isipokuwa baharini, na pasipoti za dunia nzima zimejaa mtaani kwako, utashika chochote kinachoonyesha wewe ni wa pale.

Chaki_na_Ubao
Hapo kwenye kodi, weka sawa: Wafaransa wanaohamia Monaco wanalipa kodi kwao tangu mkataba wa 1963. Rais wa Ufaransa, De Gaulle, alishaweka vizuizi vya forodha mpakani mwaka mmoja kabla.

KokiWaMelini
Kweli kabisa, asante mwalimu.

Mdadisi, ukitaka kuwaona wakiwa wao, njoo tarehe 26 Januari jioni, mkesha wa Mtakatifu Devota. Inasemekana wezi walitaka kutoroka na masalia yake kwa mashua, wakakamatwa, mashua ikachomwa ufukweni. Basi kila mwaka familia ya mtemi inatia moto mashua halisi mbele ya kanisa lake, pale pale kwenye kona ya kwanza ya mbio za magari. Fika mapema, kiwanja ni kidogo, na vaa koti zito.