Ukuta wa Shule, Msewe (gumzo la kikundi)

JUMATANO

Mama Neema: Habari za jioni jamani. Jumamosi ndiyo siku ya kuanza kupaka rangi na kuchora ukuta wa shule. Wanachuo na wasanii wawili wanafika saa 1 asubuhi. Nataka majina ya wenye brashi za waya, ndoo tupu na mabenchi. Andikeni HAPA, sio inboksi kwangu.

Mama Neema: Tuko 63 humu, walioona 41. Nasubiri.

Juma Boda: 👍🏾

Mama Neema: Juma hilo dole ni benchi au ndoo?

Juma Boda: Ni dole tu mama 😂

Asha Chuo: Shikamooni wakubwa. Vipimo: urefu mita 24, kimo mita 2, yaani mita za mraba 48. Plasta ni ya kukwaruza, lita moja inafika kama mita 8 za mraba tukipaka mara moja. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, mara moja lita 6. Nyeupe mara mbili lita 12. Tukinunua ndoo ya lita 20 zinabaki 8 za kuchanganyia. Halafu galoni za lita 4, moja moja: njano, bluu, nyeusi, na nyekundu ya oksaidi, maana nyekundu zile za kung'aa jua linazila haraka. Kijani tutachanganya wenyewe.

Juma Boda: Kijani na njano? Shule ishahamia Jangwani hiyo 💛💚

Baba Jose: Nyekundu na nyeupe zipo pia, watoto wasome kwa amani 🦁

Juma Boda: Amani gani na zile droo zenu

Baba Jose: Subiri dabi

Mama Neema: MPIRA MKACHEZEE KULE. Benchi nani anazo??

Fundi Mashaka: Mi nashauri rangi ya mafuta. Ya maji mwaka haufiki imechuja. Tingatinga yule mchoraji alipaka ya mafuta na picha zake mpaka leo zinang'aa.

Asha Chuo: Kaka Mashaka, Tingatinga alipaka kwenye hadibodi, kitu kikavu, tena picha inakaa ndani. Ukuta wetu unanyonya maji toka chini. Ukiuziba kwa mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, unasukuma rangi, inavimba malengelenge halafu inabanduka vipande. Rangi ya maji ya nje inauacha ukuta upumue.

Fundi Mashaka: Hapo nimekuelewa. Ila kuanzia chini mpaka kama sm 40 pana chumvi tupu. Ukipaka juu yake umepaka unga.

Asha Chuo: Ndiyo kazi ya brashi za waya. Chumvi ikwanguliwe KAVU, ifagiwe, iishe. Wengine huwa wanamwaga maji ili pawe safi. Hapo chumvi inayeyuka, inarudi ndani ya plasta, ukuta ukikauka inatoka tena. Hizo sm 40 hatuchori kitu, tunapiga mkanda wa rangi nzito, matope ya mvua yaishie hapo. Kila mwaka unarudiwa huo tu, mchoro hauguswi.

Mama Neema: Vizuri. Kwa hiyo Jumamosi saa 10 jioni mchoro umekamilika, nimeshamwalika mwenyekiti wa mtaa kuzindua.

Asha Chuo: Mama, Jumamosi ni kukwangua, kuosha penye moshi tu, na praima. Nyeupe Jumapili. Mchoro wiki inayofuata.

Mama Neema: Azindue praima?

Baba Jose: 😂😂😂 akate utepe wa nyeupe

ALHAMISI

Mama Salome: Ndio nasoma sasa hivi. Huu mchango wa elfu 5 unakwenda kwa nani? Maana ule wa mtaro mpaka leo hatujasomewa.

Mama Neema: Mtaro sio mada ya leo.

Baba Jose: Mtaro ni mada mama. Na yale mabomba manne?

Mama Neema: Mwenye mabomba anajijua. Tuendelee. Mama Mihogo aombwe asogeze jiko hizo siku chache, pale moshi umeshaganda ukutani.

Mama Neema: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Salome: Umefuta nini tena?

Mzee Kondo: Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Mama wa mihogo hasogezwi, amekuwepo pale kabla ya ukuta. Upande wa lango hufungwa turubai la msiba, pasichorwe sura ya mtu. Na hesabu ya mtaro isomwe kabla ya brashi ya kwanza. Ni hayo.

Fundi Mashaka: Shikamoo mzee. Imeeleweka.

Baba Jose: Sawa Babu 🙏🏾

Mama Salome: 🙏🏾

Juma Boda: Shikamoo Babu

IJUMAA

Asha Chuo: Kwa neno la mzee, upande wa lango tunaacha mita 4 za rangi tupu, kamba za turubai zingekwangua mchoro hata hivyo. Zinabaki mita 20. Juu ya ule mkanda kimo kinabaki mita 1.6. Miraba ya sm 40, kwenda juu minne, jumla 200. Tunaipiga kwa kamba yenye unga wa chaki, herufi A mpaka D, namba 1 mpaka 50. Mchoro wa karatasini una miraba hiyo hiyo ya sm 2.5, kwa hiyo mtoto aliyepewa B17 anatazama B17 yake. Watoto kumi kwa zamu, safu za chini tu. Ngazi hawapandi. Mistari myeusi wasanii wataimalizia.

Asha Chuo: Kwa Mama Mihogo paoshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Rangi haishiki penye mafuta. Na ukuta unatazama magharibi, tupake asubuhi. Jua la mchana linakausha rola ikiwa bado mkononi, yanabaki mabaka.

Mama Mihogo: Nashukuru mzee. Maji ya moto nitachemsha mimi. Ila hapo kwangu mchore nini?

Juma Boda: Kachumbari

Mama Neema: Jumamosi ipo au haipo? Brashi za waya mpaka sasa MBILI. Mwenyekiti nimwambie nini?

Mama Salome: Mwambie aje na daftari la mtaro.

Mama Neema: Daftari analo mweka hazina, yuko Kibaha, simu haipatikani.

Baba Jose: Tangu lini?

Fundi Mashaka: Leo saa 12 jioni nabandika kipande cha nailoni ukutani, naziba pande zote. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, ukuta bado mbichi, praima hatupaki, tutakwangua tu. Nani ana selotepu pana?