Laptopu za watoto wetu zimefutwa kwa leso mbele ya macho yetu. Leo sinyamazi!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na uzi wa elimu kwa ujumla. Uzi huu una mtu wake.

Jina simtaji, hakuna haja. Wa huku kwetu Tanga mnamjua. Ni yule wa miwani ya jua ndani ya darasa. Yule aliyezindua kisima ambacho mwenzake alishakizindua, akakata utepe uleule. Eeh, huyo huyo.

Leo kaja shuleni kwetu kukabidhi laptopu 20. Msafara wa magari matano! Gari moja kwa laptopu nne, wakati zote zingeingia kwenye buti la Noah na kuku wawili wakapata pa kukaa. Pafyumu ilifika kabla ya gari, mbuzi wakahama malisho. Watoto wamesimama juani tangu saa mbili asubuhi, yeye kashuka saa sita na nusu anauliza maji ya chupa yako wapi. Hotuba ilianza kivuli cha mwembe kikiwa upande wa vyoo, ikaisha kimehamia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Neno "teknolojia" kalitaja mara nyingi kuliko alivyovuta pumzi.

Hayo yote nilimeza. Sasa sikilizeni lililonishinda.

Darasani kwetu hakuna umeme. Nguzo ziliishia kwa mwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo kompyuta watoto wetu wameijulia kwenye katoni. Mwalimu wa TEHAMA, kijana wa ajira mpya, alikusanya katoni za sabuni dukani, akazikata, akachora kibodi kwa maka pen, kuanzia Q W E R T Y mpaka kile kitufe kirefu cha chini. Kila dawati katoni moja. Kipanya ni kiberiti kitupu kilichofungwa uzi. Kidole cha shahada cha kushoto juu ya F, cha kulia juu ya J, anaita herufi na watoto wanachapa. Katoni ikitoboka anachora nyingine usiku kwa tochi ya simu.

Basi, jenereta ikawashwa, laptopu ikawekwa mezani, akaitwa binti wa darasa la tano aandike jina lake ili kamera zipate chakula. Yule binti hakutafuta herufi, wakuu. Aliweka vidole moja kwa moja kwenye F na J, akakuta vile vinundu viwili ambavyo kwenye katoni havipo, akatabasamu, akaandika majina yake matatu, herufi kubwa mwanzoni mwa kila jina. Mstari wa kwanza wa maisha yake kwenye kompyuta, bila kosa hata moja! Uwanja ukalipuka. Mama yake akapiga vigelegele.

Na mgeni rasmi akafanya nini? Akatoa leso mfukoni AKAFUTA KIBODI.

Mtoto bado kasimama pale. Akafuta taratibu, kitufe baada ya kitufe, kama muuguzi anayesafisha kidonda. Halafu akamgeukia msaidizi wake, akasema, "Kwa mikono hii na vumbi hili, hizi zitamaliza wiki kweli?" Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. Kijiji kizima tumesikia, mpaka wapishi kule nyuma.

Binti akavitazama viganja vyake, akavifuta kwenye sketi.

Na ile leso ilitoka nyeupe vilevile! Mama wa watu alimsugua mwanawe kwa sabuni ya mche tangu alfajiri, kucha zikakatwa, eti leo tunakutana na wakubwa. Uchafu wenyewe haukuwepo. Lakini AKAFUTA.

Baada ya picha, laptopu zote zikarudishwa kwenye maboksi, zikafungiwa stoo ya mwalimu mkuu kwa kufuli mbili "mpaka mazingira yawe rafiki". Ufunguo wa kufuli ya pili kaondoka nao mtu wa msafara. Kabla hazijafungwa tuliwasha chache: mbili zinadai nywila kwa Kijerumani, nyingine ukichomoa waya tu zinakata moto. Zimetumika huko Ulaya mpaka wamezichoka. Hilo la nywila na betri ningelivumilia, mafundi wapo. Leso siivumilii.

Tena asituambie watoto wa kijijini hawawezi. Mkoa huu huu wa Tanga, kati ya 2017 na 2019, kulikuwa na mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, ya kutafuta programu bora za kumfundisha mtoto. Watoto wa vijiji karibu 170, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kituo cha kuchajia cha sola kijijini, mtoto anakaa na kifaa chake nyumbani, vumbi lilelile, mikono ileile. Miezi 15! Walioanza bila kuweza kusoma hata neno moja walikuwa zaidi ya tisa katika kila kumi, mwishoni idadi hiyo ikashuka karibu nusu. Waliotengeneza programu mbili bora, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Dunia nzima iliwaamini watoto wa Tanga na vishikwambi, halafu leo mtu wa hapahapa Tanga anatoa leso!

Kompyuta ya shule ikifa kwa kutumika, na ife. Ikifa stoo chini ya magunia ya mahindi ya uji, nani kafaidi? Panya?

Akafuta, wakuu. Mbele ya mama yake. Nawasilisha, na najua anasoma humu.

Karanga Mbichi: Siti ya mbele. Nasogeza kigoda.

Mzee wa Mkwaju: Bila picha ya leso hii ni chai.

Mleta uzi: Picha zote anazo mpiga picha wake. Unadhani ataitoa ya leso? Zitatoka zile anazocheka na watoto. Nenda kaulize mtu yeyote aliyekuwepo uwanjani.

Dada wa Korogwe: Si chai. Mimi nilikuwepo, nilikuwa jikoni. Ile kauli ya vumbi ilitoka kwenye spika, mwiko ukanidondoka. Mleta uzi kasahau kwamba alipomaliza kufuta aliikunja ile leso upande wa ndani, ndipo akairudisha mfukoni.

Mleta uzi: AKAIKUNJA!! Asante dada. Hilo sikuliona, nilikuwa namtazama mtoto.

Chifu Gogo: Mkuu punguza jazba. Nimehesabu leso kwenye uzi wako nimechoka. Una ugomvi na kompyuta au na kitambaa?

Mleta uzi: Nina ugomvi na mkono uliokishika.

Kijana wa Pongwe: Unataka udiwani, sema tukupigie kampeni.

Mwl. Chaki Nyeupe: Poleni, ila nyie angalau mmeziona. Sisi zilitangazwa redioni kwamba tumepokea, mpaka leo hatujaona hata boksi. Na kuhusu vishikwambi, sisi walimu tulipewa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Asante kwa kutupa. Bando nanunua mwenyewe, chaji naenda kwa kinyozi, shilingi 500 kila mara. Mwezi ukiisha nimemlipa kinyozi kuliko ninavyonyolewa. Hilo mbona halifunguliwi uzi?

Mama Wawili: Mwalimu, fungua wako.

Mwl. Chaki Nyeupe: Kwa bando lipi?

Msomi wa Mtaa: Naomba niwe tofauti. Kompyuta peke yake haifundishi. Peru waligawa zile za OLPC, mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto, kijani na nyeupe zenye masikio mawili, na utafiti uliotolewa 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ukaonyesha alama za hesabu na kusoma hazikupanda. Huyo mheshimiwa kakosea adabu, lakini wasiwasi wake una msingi. Tujenge madarasa kwanza.

Mleta uzi: Peru watoto walizishika! Walizitumia kwanza ndiyo wakapimwa. Sisi mtoto kashika kwa dakika mbili, kaandika majina matatu, kafutiwa. Kwanza fungua stoo, halafu njoo na utafiti wako. Na huyu wetu hakuzungumzia alama za hesabu, alizungumzia mikono.

Mkongwe wa Kigali: Nipo Rwanda kikazi. Hapa walianza na hizohizo za masikio 2008, zikagawiwa zaidi ya 200,000. Shida haikuwa vumbi. Shida ilikuwa umeme, na walimu kupewa mashine kabla hawajafundishwa kuzitumia. Nyie mwalimu aliyejifundisha mwenyewe mnaye tayari. Mshikeni huyo kijana wa katoni asihamishwe.

Mleta uzi: Barua ya uhamisho ikija tutalala barabarani.

Pwani Halisi (Kenya): Ndugu zetu poleni sana. Sisi tuliahidiwa vipakatalishi kwenye kampeni za 2013, kimoja kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaishia kwenye malumbano na kufutwa. Ilipofika 2016 ndipo vikaanza kuja vifaa vingine, tableti kwa wale wadogo. Mtoto aliyeahidiwa akiwa darasa la kwanza amemaliza la nane kipakatalishi chake hajakiona. Nyie mmefutiwa kibodi, sisi tulifutiwa ahadi yenyewe.

Chifu Gogo: Wakenya hata kwenye msiba wetu lazima wao ndio wamefiwa zaidi.

Pwani Halisi (Kenya): Sasa kaka, nimetoa pole hapo juu, kwani hukuiona?

Mama Wawili: Kuhusu huyo mwalimu wa katoni. Mnamkumbuka yule wa Ghana, 2018, aliyechora ukurasa mzima wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi? Picha ilizunguka dunia mpaka Microsoft wakamwalika Singapore, na shule ikapata kompyuta. Wa kwenu mpigeni picha na katoni zake haraka kabla mgeni rasmi hajasema wazo lilikuwa lake.

Mleta uzi: Leo kwenye hotuba mwalimu hakutajwa kabisa. Alikaa nyuma akishikilia waya wa jenereta usichomoke.

Fundi Sola Mombo: Tuache hasira, tufanye hesabu. Laptopu moja inakula wati 40 hadi 65. Zote 20 kwa pamoja ni zaidi ya wati 1,000 zikipanda, msithubutu. Anzeni na tano, watoto wanne kwa moja, kwa zamu. Paneli za wati 300 mbili, inveta ya kilowati moja, betri N100 (zile za Ah 100) mbili. Betri usiishushe chini ya nusu, la sivyo mwaka hauishi inakufa. Hizo za Kijerumani leteni kwangu, nitazipiga upya mfumo wa Linux, nywila itajiondokea yenyewe. Halafu nitawawekea programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kiswahili yote watoto wanasoma bila intaneti. Kazi bure, vifaa juu yenu. Na vumbi mnatandika kanga juu ya meza wakimaliza, basi.

Mleta uzi: Fundi, Mungu akuongoze. Tatizo ni ufunguo wa kufuli ya pili.

Fundi Sola Mombo: Kufuli nayo ni kazi ya fundi.

Kijana wa Pongwe: Fundi N100 siku hizi bei gani? Nina saluni yangu huku, umeme unakatika kila jioni.

Fundi Sola Mombo: Njoo inbox. Ila usinunue zile zilizoandikwa 100 ukizinyanyua unasikia nyepesi. Hizo zimejaa hewa.

Mzee wa Mkwaju: Mimi nilipigwa hiyo hiyo mwaka jana! Betri mpya, usiku wa kwanza tu imekata katikati ya mechi.

Dada wa Korogwe: Nirudi kwenye leo. Mnajua huyo mgeni kachinjiwa mbuzi wawili? Kila kaya ilitoa elfu mbili. Watoto wamekula makande.

Karanga Mbichi: Subiri kwanza. Mbuzi wawili, magari matano, laptopu 20 mbovu. Mbona mbuzi wanakaribia bei ya msaada?

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye leso. Mtoto hajatoka ndani tangu mchana.

Chifu Gogo: Mpe pole mtoto, mwambie huku tumesoma habari zake kwa heshima. Lakini dada, maini yalienda kwa nani?

Dada wa Korogwe: Yalifungwa kwenye foili yakapandishwa gari la tatu. Nimeyafunga mimi mwenyewe.

Mwl. Chaki Nyeupe: Gari la tatu ndilo lilibeba ufunguo?

Dada wa Korogwe: Hilo hilo.

Mama Wawili: Elfu mbili mnalalamika? Kwetu ilikuwa elfu tano na debe la mahindi, ugeni wenyewe haukufika, na ukiuliza risiti unaitwa mchochezi.