Anayetumia mikono yote sawasawa anaitwaje kwa Kiswahili? Naomba ushauri

Kijana_Mkomani:
Salaam aleikum ndugu zangu. Ami yangu ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu na mimi ndo namwandikia kibao cha kuweka nje ya karakana. Ami anachonga kwa mikono yote, na sio kwamba mmoja unasaidia, la. Juzi nimekaa nikamuangalia akichonga mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, wa mbambakofi, patasi kushoto nyundo kulia, akifika mahali nyuzi za mbao zimegeuka na patasi inaanza kurarua, hageuzi mbao wala hahami pale alipokaa, anabadilisha tu mikono anaendelea na ua linatoka lile lile, huwezi kujua jani gani limechongwa na mkono upi. Wageni wakiona wanasema "ambidextrous". Nikiulizwa kwa Kiswahili ni nini nanyamaza, na naumia kwa kweli. Jirani mmoja humwita mashoto, hilo ami halimpendezi na si kweli. Niandike neno gani? Na hilo la kizungu maana yake hasa ni nini, nisije nikatafsiri vibaya

Mwalimu_Malindi:
Waaleikum salaam. Limetoka Kilatini, ambi ni pande zote mbili, dexter ni kulia. Yaani mtu mwenye mikono miwili ya kulia, kushoto hata hakutajwa. Na zamani kwenye sheria za Uingereza aliyekaa kuamua kesi halafu akala hongo ya huku na ya huku walimwita ambidexter, kwa hivyo usilitafsiri neno kwa neno ukambandika ami yako. Sisi nasi tuna yetu, mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, na kuume imetokana na -ume, kama mume. Ukiandika "ana kulia mbili" nani ataelewa?

Mvuvi_Kipungani:
andika fundi wa mikono miwili basi

Kijana_Mkomani:
Nilifikiria hilo kaka, lakini kila mtu ana miwili

Ustadh_Langoni:
Waarabu wanalo mwanangu. Mtu wa shoto ni aasar, na anayefanya kazi kwa yote sawa ni aasar yasar, ndivyo alivyosifiwa sayyidna Umar bin Khattab radhi za Allah ziwe juu yake. Mizizi ni ile ile ya usri na yusri tunayoisoma kwenye sura ya Alam nashrah, uzito na wepesi. Naona ni neno zuri sana, kwamba palipo na uzito wepesi uko hapo hapo. Lakini wapita njia wengi hawatalielewa, kibaoni tafuta Kiswahili.

Nuru_wa_Shela:
Kwanza mshukuru Mungu, watu wa shoto ni kama 10 kwa kila 100, hawa wa yote sawa kabisa ni kama 1 tu. Sasa neno. Marehemu bibi yangu alikuwa akishona kofia za vito, mkono mmoja ukichoka sindano inahamia wa pili na mishono haibadiliki, vile vitundu vyote sawa. Nyumbani walikuwa wakisema "huyu hachagui mkono". Hatukuwahi kuuliza maana yake, ilieleweka tu

Mwalimu_Malindi:
Dada umemaliza. Kiswahili mara nyingi hakimpi mtu jina, kinasema anachofanya. Hachagui mkono, mtoto anaelewa na mzee anaelewa, na kushoto hakukutukanwa

Mvuvi_Kipungani:
Hapo sawa kabisa. Fundi hachagui mkono

Kijana_Mkomani:
Ahsanteni sana wallahi. Nimemsomea ami baada ya alasiri, hilo la usri na yusri alinirudishia mara mbili nimsomee tena. Halafu la dada Nuru akalikubali pale pale, akanipa kipande cha mbambakofi akasema nichonge mwenyewe hayo maneno. Herufi ya kwanza nimemaliza kwa mkono wa kulia, ya pili ami anataka niijaribu kwa kushoto