Tupeane maarifa: umelelewa ndani ya dini, sasa una maswali mazito. Uanzie wapi?

Mwanzisha mada

Wapendwa, salaam. Kuna swali vijana wanaliuliza kila kukicha: "Nimezaliwa humu, nimebatizwa (au nimesoma chuo cha Qur'ani tangu mdogo), lakini siamini tena kama zamani. Nifanyeje?" Majibu wanayopewa ni mawili tu: omba sana, au toka haraka. Yote mawili yanawaacha hewani. Naomba hapa tusisimulie yaliyotupata. Kila mmoja aweke anachokijua kwa kazi au kwa kusoma: daftari linasemaje, sheria inasemaje, nyumbani yasemwe vipi, watu hukosea wapi.

Naanza. Kuna mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja: unachoamini moyoni, jina lako kwenye vitabu vya kanisa au nafasi yako msikitini, na undugu, yaani harusi, misiba, michango, majirani. Madhara makubwa hutokea pale la kwanza linapotikisika, na mtu wiki hiyo hiyo akavunja la pili na la tatu.

Chukua daftari. Kushoto andika swali lako kwa sentensi moja, kulia andika ni la aina gani: la maandiko, la historia, la mwenendo wa viongozi, au la kuwepo kwa Mungu mwenyewe. "Hela za ujenzi zimekwenda wapi?" haliwezi kujibiwa na mtu yule yule wala kitabu kile kile kinachojibu "Je, sala inasikika?" Asiyetenganisha anaweza kumwacha Mungu kwa kosa la mweka hazina. Au atahama kanisa, na miezi sita baadaye swali lake limeketi naye kwenye benchi jipya.

Katekista, Kanda ya Ziwa

Kwa Wakatoliki, maswali mengi ya maandiko huanza pale kijana anapokutana na mhubiri wa Sabato na kuambiwa kanisa lake "limefuta amri ya pili". Fungua Kutoka sura ya 20 uhesabu mwenyewe. Andiko halina namba za amri. Namba ziliwekwa na walimu. Katekisimu ya Kikatoliki inafuata hesabu ya Mtakatifu Augustino: katazo la sanamu limo ndani ya amri ya kwanza, na kutamani kumegawanywa kuwa amri ya tisa na ya kumi. Walutheri nao wanafuata hesabu hiyo. Wasabato na Wakalvini wanahesabu sanamu kuwa ya pili, ndiyo maana siku ya Bwana kwetu ni amri ya tatu na kwao ni ya nne. Hapo sijasema nani ana haki kuhusu sanamu au Jumamosi. Nasema uanze kubishana ukijua ubishi uko wapi. Vivyo hivyo kwa Biblia yetu ya vitabu 73 na ile ya Waprotestanti ya 66: tofauti iko Agano la Kale, vitabu saba kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, pamoja na nyongeza za Esta na Danieli.

Sasa daftari. Ubatizo wako umeandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa, na namba yake ndiyo ile "LB" kwenye cheti na kadi. Kipaimara na ndoa huandikwa pembeni ya jina hilo hilo, hata kama vimefanyika parokia nyingine. Ndiyo sababu ukitaka kufunga ndoa unaagizwa cheti kipya cha ubatizo, kwa kawaida kisichozidi miezi sita: paroko anataka kuona kilichoandikwa pembeni.

Watu huja ofisini wakisema "nifutieni jina". Halifutwi, kwa sababu kitabu kinatunza kumbukumbu kwamba tukio lilifanyika. Zamani sheria za Kanisa zilimtambua aliyejitoa rasmi, na akioa nje ya kanisa ndoa yake haikuhesabiwa batili kwa kigezo hicho. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI aliondoa kipengele hicho. Kwa hiyo aliyebatizwa Mkatoliki, hata kama hasali miaka ishirini, akioa bomani bila kibali Kanisa linamhesabu hajafunga ndoa. Hili huwashtukiza wengi pale wanapotaka kurudi, au mtoto anapofika umri wa Komunio ya Kwanza na wazazi wakaulizwa habari za ndoa yao.

Ustadhi, Tanga

Ahsante katekista. Kwetu hakuna daftari la kutoka wala la kuingia. Shahada, yaani tamko la imani, ndiyo mlango. Kwa hiyo kijana wa Kiislamu hana barua ya kuandika, na mzigo wote unaangukia kwenye kauli. Naomba atofautishe mambo mawili kabla hajafungua kinywa: wasiwasi na shaka.

Wasiwasi ni fikra inayokuvamia na wewe unaichukia. Masahaba walimlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba wanakuta nafsini mwao mambo mazito hata kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Dalili zake unaziona kwenye birika: kiungo kinaoshwa mara tatu, basi, lakini mtu anarudia mara kumi, anatilia nia tena na tena, imamu anamaliza rakaa yeye akiwa bado bombani. Kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Ukishajua umetawadha, udhu upo mpaka ujue umetenguka. Akishindwa kabisa kuacha kurudia, huo ni ugonjwa wenye tiba, aende kliniki ya afya ya akili. Kumsomea Qur'ani peke yake bila hospitali ni kumdhulumu.

Shaka ni swali lenye hoja, na halizimwi kwa bakora. Kosa kubwa la vyuo vyetu ni mtoto kuhifadhi Juzuu Amma (fungu la mwisho la Qur'ani) nzima bila kuambiwa maana ya aya hata moja. Anafika kidato cha tatu, anaisoma tafsiri peke yake usiku, anagutuka. Ajue tafsiri za Kiswahili zilizotangulia hazikutoka mkono mmoja: ya 1923 ni ya padre wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya 1953 ni ya Ahmadiyya, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika 1969, na maelezo yake mengi yanawajibu waliotangulia. Aweke mbili mezani, asome aya iliyo kabla na iliyo baada, aandike jina la aliyefasiri. Kisha ampelekee mwalimu swali moja, si kumi, faraghani, baada ya Alasiri, mwalimu akiwa hana darasa. Akiuliza mbele ya watu, mwalimu atajibu kulinda heshima yake na swali litabaki pale pale.

Mzee wa usharika, Kilimanjaro

Kwa KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, kwa ufupi. Mafundisho ya kipaimara huchukua kama miaka miwili, na ndiyo nafasi ambayo mtoto anaruhusiwa kuuliza. Tusiimalize kwa kukaririsha Katekisimu Ndogo. Anayehama aombe barua ya utambulisho mapema, akiwa hana ugomvi na mtu. Anayeacha kimyakimya, jina linabaki, na bahasha za ahadi za sadaka zinaendelea kuandikwa deni. Kuna watu wamekaa mbali miaka kadhaa, siku ya msiba ndugu wanasomewa bahasha zisizorudi. Barua ya mistari mitatu kwa mchungaji ingezuia hilo. Wasabato wana utaratibu ulionyooka zaidi: karani wa kanisa jipya ndiye anayeomba barua, inasomwa mara mbili, washiriki wanapiga kura, nayo inadumu miezi sita.

Wa mahakamani, Dar es Salaam

Katiba ya Tanzania ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani, na inataja waziwazi uhuru wa kubadilisha dini. Ya Kenya ni ibara ya 32. Hakuna ofisi ya serikali unayopaswa kuitaarifu. Ila kuuliza na kutukana ni vitu viwili: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 129 inamhusu anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine. Hasira ya siku ya kwanza isipelekwe kwenye simu ikasambazwa.

Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, na hapo hakuna anayelazimika kubadili dini. Taarifa ya kusudio hutolewa kwa msajili siku 21 kabla, na mnatamka kama ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Msikilizeni vizuri afisa anapojaza sehemu hiyo. Na mmoja wenu akitoka kwenye dini baada ya ndoa, kwa sheria ya nchi ndoa haijavunjika, hata kama shehe au mchungaji amesema vinginevyo. Talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa.

Mirathi ndiyo inayoliza watu. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Ya Kikristo, na ya wasiofuata mila wala Uislamu, huanzia mahakama za juu yake, na sheria inayotumika bado ni ile ya Mirathi ya India ya 1865. Marehemu akiwa alilelewa Mwislamu kisha akaacha bila kuandika popote, mahakama itaangalia aliishi vipi: alioa kwa taratibu gani, alifunga, aliwalea watoto katika nini. Ndugu wanagawanyika, kila upande na mashahidi wake. Faili likifunguliwa mahakama isiyo na mamlaka, mnarudi mwanzo.

Dawa ni wosia wa maandishi wenye tarehe, sahihi, mashahidi wasiopungua wawili ambao hawarithi, na sentensi moja inayotaja sheria unayotaka itumike. Ukumbuke pia upande wa pili: kwa fiqhi asiye Mwislamu harithi kwa Mwislamu, lakini baba anaweza kumwachia kwa wosia ndani ya theluthi. Jambo hilo linazungumzika akiwa hai.

Jina usilibadili haraka. Kubadili dini hakudai kubadili jina, na hati ya kubadili jina ikishasajiliwa utazunguka kuoanisha kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti vya shule na benki.

Mama mlezi wa vijana

Nyumbani. Usianze na mzazi mkali, wala usianze siku ya sikukuu, mwezi wa Ramadhani, Kwaresima au wiki ya msiba. Anza na shangazi au mjomba ambaye mzazi anamsikiliza. Sema swali lako kabla ya uamuzi wako, kwa sababu mzazi akisikia uamuzi anasikia kwamba malezi yake yamekataliwa. Maneno yawe kama haya: "Shikamoo mama. Kuna mambo ya dini sijayaelewa, yananisumbua. Sijaja kubishana, naomba unisikilize." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Usimpe hoja ya pili.

Anayelipiwa ada na kulala kwa wazazi apime. Hakuna unafiki kumsindikiza mama kanisani huku ukiendelea kutafuta. Tenga unayoweza kuyafanya kwa heshima (kusindikiza, kupika futari, kuimba) na usiyoweza kuyatamka kwa dhamiri, kama nadhiri au kipaimara. Haya ya pili ndiyo ya kuyaombea muda.

Kutoka Kilifi

Naongezea dalili za mahali ambapo hupaswi kungoja wala kuomba muda. Msitu wa Shakahola, huku kwetu Kilifi, ambako waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Mambo hayo huanza na vitu vidogo: mtoto atolewe shule, hospitali ni ya shetani, kitambulisho ni alama ya mnyama, uza shamba, usiongee na ndugu walio nje. Ukisikia mawili kati ya hayo, toka na watoto kwanza, mjadala wa maandiko baadaye. Piga ripoti kituo cha polisi na kwa chifu pia, uandike namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Na kufunga bila maji si kipimo cha imani: mwili huanza kushindwa ndani ya siku chache tu, mtoto mapema zaidi. Mwenye dawa za kisukari, presha au kifafa asiziache kwa sababu ameambiwa ameponywa, apime kwanza.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Kuna swali limekuja la msiba: baba ni Mwislamu, mtoto wa kiume ametoka, je, atafukuzwa?

Ustadhi, Tanga

Hafukuzwi, ila ajue nafasi yake. Kuosha na kukafini wafanye Waislamu. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu. Swala ya jeneza ni takbira nne, haina rukuu wala sijida, watu wanasali wima. Asipojiunga asimame nyuma kwa utulivu, asikae garini. Kuchimba, kununua sanda na mbao, kulipa gari, kupokea wageni barazani, yote yako mikononi mwake. Azungumze na ami yake usiku ule ule, kabla maiti hajatolewa, wakubaliane nani ataingia kaburini. Wengi huvurugana pale, watu watatu wakiwa wameshavua viatu ukingoni mwa shimo na kila mmoja anadai ni haki yake.

Katekista, Kanda ya Ziwa

Na kwa upande wetu, mzazi akiwa Mkatoliki na mtoto ametoka, mtoto anabaki kuwa mfiwa na hakuna atakayemzuia. Tatizo ni marehemu mwenyewe akiwa ndiye aliyeacha. Jumuiya itaulizwa: alikuwa anashiriki? Familia iende kwa mwenyekiti wa jumuiya na kwa paroko siku ile ile ya kifo, si asubuhi ya maziko jeneza likiwa njiani. Waseme kweli: kama aliomba padre alipougua, waseme; kama aliandika kwamba hataki misa, walete karatasi. Paroko akikataa misa, ombeni sala ya kuwafariji wafiwa nyumbani. Hiyo inaweza kuongozwa na katekista, na huchukua kama nusu saa.