Mtoto wa P4 (darasa la nne la msingi, Uganda) hasomi: ni Kiingereza au ni tatizo la kujifunza?

Mwalimu wa P4, Isingiro
Habari zenu walimu. Kuna mwanafunzi wa miaka 11, familia ya Wakongo wa Nakivale, makazi ya wakimbizi. Nyumbani Kiswahili, P1 hadi P3 alifundishwa kwa Runyankore, lugha ya hapa, sasa masomo yamegeuka Kiingereza. Akisoma anakwama, akiandika anaruka herufi. Shuleni wanasema asubiriwe, Kiingereza kitakuja. Nitajuaje?

Elimu Maalumu, Mbarara
Mwalimu, anza na Kiswahili. Mwache asimulie jambo la jana: je, mpangilio upo, maneno anayapata? Kisha kazi ya masikio bila karatasi. Aseme "kalamu", aondoe "ka". "Paka" na "pete" yanaanza na sauti gani? Akikwama hata hapo, Kiingereza si sababu pekee. Pima na muda: Kiswahili na Runyankore huandikwa karibu kama yanavyotamkwa, hivyo mwenye disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika) anaweza kusoma neno sawasawa lakini polepole mno, silabi kwa silabi, na mwisho wa sentensi hajui amesoma nini. Walimu wengi humpitisha huyo kwa sababu hakukosea.

Nesi wa shule
Masikio na macho kwanza, tafadhali. Simama nyuma yake kwa umbali wa mkono, azibe sikio moja, nong'oneza maneno matano ayarudie. Badilisha sikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu. Apelekwe kituo cha afya.

Mama Mwalimu
Makosa mengine ni ya lugha tu. Kuandika "kurara" badala ya "kulala" ni Runyankore inaingia. Kuchanganya "ship" na "sheep" ni kawaida, Kiswahili kina irabu 5.

Mlinganishe na Wakongo wenzake walioanza naye, si na watoto wa hapa. Wafundishe maneno mapya matano, dakika 10 kila siku kwa wiki mbili. Wenzake wakishika na yeye kila asubuhi anaanza upya, hilo lina uzito. Muulize mzazi alianza kusema lini, alikosa shule muda gani, na kama kuna ndugu aliyesumbuka kusoma.

Kusubiri sikubali. Kiingereza cha kuongea huchukua mwaka mmoja au miwili, cha vitabuni miaka 5 hadi 7. Atakuwa amemaliza P7. Tena anaweza kuwa na yote mawili. Msaada wa kusoma aanze kuupata sasa, na kila jaribio liandikwe kwa tarehe: UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na shule ndiyo itakayomwombea.